Kakuma: Mgeni wa miaka 30 sasa apewe jembe

KWA zaidi ya miaka 30, maafisa wa serikali na wa mashirika ya misaada wamekuwa wakiiita Kakuma kambi, ilhali wanaoishi huko wamekuwa wakijenga mji.

Anayewasili kutoka Lodwar, safari ya takriban kilomita 120, hupokewa na maduka ya jumla, vibanda vya M-Pesa, vinyozi, hoteli za Waethiopia na vijana wa bodaboda wanaogombea abiria kwa Kiswahili, Kiturkana, Kisomali na Kiarabu cha Sudan Kusini. Hizi si dalili za mahali pa kupitia tu.

Kambi hii ilifunguliwa mwaka wa 1992 kwa ajili ya maelfu ya watoto na vijana wa Sudan, ambao wengi wao walikuwa wamefika kwa miguu bila wazazi. Baadaye walifuata Wasomali, Waethiopia, Wakongo na Warundi. Mwaka wa 2016 makazi ya Kalobeyei yakafunguliwa karibu nayo, kwa nia ya kuwafanya wakimbizi na wenyeji watumie shule, hospitali na soko pamoja.

Leo Kakuma na Kalobeyei zina takriban wakimbizi 300,000, wengi wao wakiwa watoto na vijana. Lodwar, makao makuu ya Kaunti ya Turkana, ilikuwa na wakazi zaidi ya 80,000 katika sensa ya 2019. Kwa hivyo, hiyo inayoitwa kambi imeuzidi mji mkuu wa kaunti zaidi ya mara tatu.

Hata hivyo, wageni wa miji hii si wakimbizi pekee. Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, ambapo misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo, uliangamiza mifugo mingi ya Waturkana. Kijana aliyebaki bila mbuzi hana sababu ya kubaki malishoni. Huelekea Lodwar, ambako ugatuzi ulileta ofisi za kaunti mwaka wa 2013, au Kakuma, ambako kuna wanunuzi wa kuni, makaa na jasho lake.

Katika soko la Kakuma, basi, hukutana vijana wa aina mbili: aliyekimbia vita na aliyekimbia ukame. Wa kwanza mara nyingi ana elimu ya kambini na jamaa wa ng'ambo wa kumtumia mtaji, lakini hana hati za kumruhusu kusafiri na kufanya kazi apendavyo. Wa pili ana kitambulisho cha taifa, lakini hana mtaji. Kila upande una kile ambacho mwenzake amekosa.

Biashara yao si haba. Utafiti uliotolewa mwaka wa 2018 na Shirika la Fedha la Kimataifa, lililo chini ya Benki ya Dunia, ulikadiria uchumi wa Kakuma kuwa Sh5.8 bilioni kwa mwaka, na ukahesabu biashara zaidi ya 2,000.

Lakini ikumbukwe kuwa mzizi wa fedha hizo ni mgao wa chakula. Kuanzia 2015, sehemu ya mgao huo ilitolewa kwa njia ya simu kupitia mpango wa Bamba Chakula, na mkimbizi akanunua unga na maharagwe dukani. Muuza duka alimkopesha mteja akijua kuwa mwisho wa mwezi atalipwa.

Mwaka wa 2025 mzizi huo ulitikisika. Fedha za wafadhili zilipopungua, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao hadi chini ya theluthi moja ya kiwango kinachostahili. Mwezi Agosti wakimbizi wakagawanywa katika makundi manne kulingana na mahitaji, na waliodhaniwa kuweza kujitegemea wakaachwa bila chochote. Maandamano yalizuka.

Pigo hilo halikuishia kwa wakimbizi. Mama wa Kiturkana anayebadilisha kuni kwa unga hurudi nyumbani mikono mitupu iwapo mnunuzi wake naye hana unga.

Wakazi wa Turkana Magharibi wana mfano ulio jirani. Lokichoggio ilistawi tangu 1989 ikiwa kituo cha ndege za misaada ya Sudan. Baada ya mkataba wa amani wa Januari 2005, mashirika yalianza kuhamia Juba, na mji ule ukanyauka. Uwanja wa ndege ulibaki, kazi hazikubaki.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu wa Kakuma amekaa miongo mitatu akilishwa, huku jembe likiwa limefungiwa ghalani. Sasa chakula kinaondolewa mezani na ghala bado halijafunguliwa wazi.

Haki ni kukiri kwamba hatua zimepigwa. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inatambua haki ya mkimbizi mwenye sifa kufanya kazi. Mpango wa Shirika, uliozinduliwa na Rais William Ruto mwezi Machi 2025, unakusudia kuzigeuza kambi kuwa makazi ya kawaida. Kakuma nayo imepewa hadhi ya manispaa. Ni mabadiliko makubwa kwa serikali ambayo mwaka wa 2021 ilitangaza kuwa ingezifunga Kakuma na Dadaab kufikia Juni 30, 2022.

Lakini hadhi ya manispaa haimfikishi fundi cherehani Lodwar kununua vitambaa. Mkimbizi bado huhitaji ruhusa ili kutoka katika eneo alilotengewa.

Aidha, wenyeji wana haki ya kuuliza kuhusu ardhi. Kakuma na Kalobeyei zimo katika ardhi ya malisho ya jamii, na kwa mujibu wa Katiba, ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa hushikiliwa na kaunti kwa niaba ya wenyewe. Iwapo mji utapimwa na viwanja kugawanywa kabla ya jamii kusajili haki zake, kijana wa Kiturkana atajikuta mpangaji katika ardhi ya babu yake, na lawama zote zitamwangukia mkimbizi asiye na hatia.

Kwa hivyo, utaratibu ndio muhimu. Ardhi ya jamii isajiliwe kwanza, vibali vya kazi na vya usafiri vitolewe bila mizunguko, kisha mgao upunguzwe kadiri watu wanavyopata riziki. Kinachofanyika sasa ni kinyume: mgao umetangulia kuondoka.

Vijana hao wa aina mbili tayari wanauziana, wanakopeshana na wanasoma pamoja. Wakiachwa wagombanie gunia moja la unga, ujirani huo utavunjika haraka kuliko ulivyojengwa.