Kivuli Kwanza, Roshani Baadaye

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa vitendo mwaka 2016, mji huu, uliochaguliwa kuwa makao makuu ya nchi tangu 1973, haujapumzika kujengwa. Iyumbu, Ilazo, Nzuguni na Mtumba, kila uendako utakuta msingi unachimbwa au bati linapauliwa. Familia inapoketi na mchoraji wa ramani, mjadala mrefu huwa juu ya roshani: iwepo au isiwepo, itazame barabara au ua, iwe ya vyuma au ya vioo. Suala la kivuli hungoja hadi mwisho, wakati fedha zimekwisha. Nikiwa daktari wa magonjwa ya ndani, naona mpangilio huo umepinduka. Katika nyanda hizi za kati, kivuli cha nyumba ni jambo la afya, sawa na choo na maji safi, na kinastahili kuamuliwa kabla ya roshani.

Sababu ya kwanza ni mahali penyewe. Dodoma iko takribani mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta. Kadiri tunavyopanda juu, hewa inayochuja jua hupungua, na miale ya urujuanimno huongezeka kwa karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Miale hiyo huchangia mtoto wa jicho, kinyama kinachoota juu ya weupe wa jicho, na saratani ya ngozi, ambayo huwaandama zaidi ndugu zetu wenye ualbino.

Sababu ya pili ni ukavu wa hewa. Mtu wa Tanga hujua kwamba ametokwa na jasho kwa kuwa shati lake limelowa. Mtu wa Dodoma, hasa kati ya Oktoba na Desemba kabla mvua hazijakolea, hupoteza maji mengi bila kuyaona, kwani jasho hukauka mara tu linapotoka. Matokeo yake hutufikia kliniki: kizunguzungu, mkojo mzito, mawe ya figo, na mzee aliyeanguka alipoinuka kitini. Hata hivyo, ukavu huohuo una heri yake. Pale ambapo hewa ni kavu na upepo unavuma, kivuli pekee humpoza mtu vizuri kuliko katika unyevunyevu wa pwani. Kwa hiyo fedha inayowekwa kwenye kivuli Dodoma huzaa faida kubwa.

Tujiulize sasa ni nani anayebaki nyumbani saa nane mchana. Mwenye nyumba yuko ofisini au sokoni. Wanaobaki ni bibi mwenye shinikizo la damu, mzazi aliyejifungua karibuni pamoja na mtoto aliyefunikwa nguo tatu, na mgonjwa aliyeruhusiwa kutoka wodini. Hao ndio ambao miili yao hudhibiti joto kwa shida. Baadhi ya dawa huongeza ugumu huo. Dawa za kuongeza mkojo hupunguza maji mwilini. Klopromazini, inayotumiwa na baadhi ya wagonjwa wa akili, huweza kudhoofisha uwezo wa mwili kujipoza na kuifanya ngozi iungue upesi juani. Doksisaiklini nayo huifanya ngozi iwe nyepesi kuungua. Dawa zenyewe pia zina mipaka yake: vidonge vingi vinatakiwa kukaa mahali pasipozidi nyuzi joto 30, na kichupa cha insulini kinachotumika huharibika kikiachwa katika chumba kinachopigwa na jua la magharibi.

Pamoja na hayo, mtindo unaopendwa leo ni wa kupandisha ukuta ili kuficha bati. Nyumba hupendeza pichani, lakini imenyimwa upenu. Ukuta husimama uchi juani mchana kutwa, na madirisha mapana ya vioo vya kusukuma, ambayo hufunguka nusu tu, huingiza joto na kuzuia upepo. Wazee wetu wa Kigogo walijenga tembe: kuta nene za udongo, paa tambarare lililofunikwa udongo, vyumba vilivyochelewa kupata joto. Sisemi turudi huko, kwa kuwa tembe lilikuwa na giza, moshi na mifugo karibu mno na watu. Nasema waliuheshimu uadui wa jua, nasi tumeusahau.

Kupanga kivuli si elimu ya siri. Mwezi Juni jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, kwenye mwinuko wa nyuzi 60 hivi. Upenu wa mita 1 hukinga karibu mita 1.7 za ukuta ulio chini yake. Mwezi Desemba jua la adhuhuri huhamia kusini likiwa juu zaidi, na upenu huohuo hukinga zaidi ya mita 3. Kwa pande hizo mbili, paa lililotokeza vizuri linatosha. Tatizo ni mashariki na magharibi, ambako jua huja chinichini na kupita chini ya upenu wowote. La asubuhi linavumilika. La alasiri hukuta hewa imekwisha kupata moto, na matofali huhifadhi joto hilo na kulirudisha chumbani hadi usiku. Upande wa magharibi basi na uwekwe stoo, ngazi au bafu, asilazwe mtoto wala mzee. Na ukuta wake ukingwe kwa mwarobaini, matofali yenye matundu au mbao zilizosimamishwa mbali kidogo na dirisha.

Ikiwa fedha inatosha jambo moja tu, nashauri baraza pana ya chini, mita 2 au zaidi, upande wa kaskazini au kusini. Aliyepooza upande mmoja au mwenye magoti mabovu hawezi kupanda kwenye roshani ya ghorofani, ila baraza huifikia. Mwenye uwezo wa kujenga roshani pia na aijenge, lakini aipe paa, na kizuizi kisichopungua mita 1.1, chenye nondo za wima zilizoachana chini ya sentimita 10. Nondo za kulala ni ngazi kwa mtoto wa miaka mitatu, na kiti kilichoegemezwa hapo ni ngazi ya pili.

Nimesikia hoja kwamba jua lina manufaa. Ni kweli: ngozi hulihitaji ili kutengeneza vitamini D, na mwanga na hewa safi ni kinga dhidi ya kifua kikuu. Lakini anayeishi Dodoma hupata jua la kutosha akitoka nje muda mfupi, na kivuli kilichopangwa vyema huruhusu mwanga na upepo vipite. Wengine watasema ni gharama. Mche wa mwarobaini ukipandwa mvua za kwanza na kumwagiliwa kiangazi hauna gharama kubwa, na kwa mpangaji, turubai au neti ya kivuli iliyofungwa nje ya dirisha la magharibi husaidia kuliko pazia la ndani, kwa sababu hulizuia jua kabla halijagusa kioo.

Kwa watoa huduma wenzangu ninaomba swali moja liongezwe tunapomruhusu mgonjwa kurudi nyumbani: mchana utakaa wapi, na dawa zako utaziweka wapi? Jibu lake litatuonyesha kama ushauri wa kunywa maji unatosha, au kitanda kihamishwe upande mwingine wa nyumba. Na kwa wanaotoa vibali vya ujenzi katika Jiji letu, ramani inapokaguliwa nguzo na mfumo wa maji taka, ikaguliwe pia kivuli. Kuchora upenu kwenye karatasi hakuna gharama yoyote. Kuuongeza baada ya miaka mitano, nyumba ikiwa imekamilika, kunahitaji fedha ambazo familia nyingi hazitakuwa nazo.