Deni la umeme limfuate mdaiwa, si mita

Mfanyabiashara anayetoka Goma, Kabale au Ngara kuja kufungua duka Kigali huuliza mambo mengi kabla ya kutoa pesa ya pango. Huuliza kodi ni ya miezi mingapi, wateja wanapita saa ngapi, maji yanatoka siku zote au la, na ulinzi wa usiku unalipwa na nani. La umeme haliulizi. Anaiona mita ya Cash Power ukutani, anawasha taa, inawaka, anahesabu kuwa limekwisha. Siku ya kwanza ya kazi ananunua umeme kwa simu, zinakuja tarakimu 20 za tokeni, na yuniti ni chache kuliko alivyotazamia. Akiisoma risiti kwa makini ndipo anagundua kuwa sehemu ya fedha yake imekwenda kulipia kitu ambacho hakukitumia.

Hilo ndilo deni la mita. Huenda ni malimbikizo ya mpangaji aliyehama, huenda ni faini ya mtu aliyechezea waya, huenda ni salio la ada ya kuunganishiwa umeme. Ada hiyo, faranga 56,000, sera ya Rwanda iliruhusu ilipwe kidogo kidogo kadiri mteja anavyonunua umeme, na uamuzi huo ulikuwa mwema, kwa kuwa familia nyingi zisingepata taa kama zingetakiwa kulipa yote kwa mkupuo. Lakini mfumo haumtambui aliyesimama mbele ya mita. Unatambua namba ya mita tu. Anayeingiza fedha ndiye anayelipa.

Kigali hakuna pa kukimbilia. Tangu EWSA ilipogawanywa mwaka 2014, maji yakaenda WASAC na umeme ukaenda REG, kazi ya kumuuzia mwananchi umeme imekuwa ya EUCL, kampuni tanzu ya REG. RURA hupanga bei. Mpangaji wa Kimironko au Nyabugogo hawezi kuamka asubuhi na kusema kesho atanunua kwa mwingine. Kwa hiyo swali linaloulizwa katika nchi zenye kampuni nyingi, kwamba je, mtu mwenye deni la umeme anaweza kuhamia kampuni nyingine, hapa linaweza kuonekana la kitajiri.

Si hivyo kwa mtu anayevuka mipaka. Mfanyabiashara wa mpakani ndiye Mwafrika Mashariki anayebadilisha kampuni ya umeme mara nyingi kuliko mwingine yeyote, ingawa hajawahi kujaza fomu ya kuhama. Akifunga duka Kigali na kufungua Katuna, ameiacha EUCL na kuingia UEDCL. Akishuka Rusumo hadi Ngara, yuko TANESCO na anajifunza kusema LUKU badala ya Cash Power. Kila anapovuka, deni lake hubaki nyuma kwenye ukuta wa mtu, na yeye hukuta la mwingine kwenye ukuta mpya.

Inafaa kutazama wenzetu waliolitungia kanuni jambo hili. Nchini Uingereza, ambako mwenye nyumba au mpangaji huchagua kampuni ya kumuuzia umeme, kampuni ya zamani inaweza kumzuia mteja wa bili asihame iwapo deni lake limepita siku 28 bila kulipwa. Lakini mwenye mita ya kulipia kabla, mtu ambaye kwa kawaida ndiye mwenye kipato kidogo, anaruhusiwa kuhama akiwa na deni, mradi lisizidi pauni 500 kwa umeme na pauni 500 kwa gesi. Kampuni mpya hulipokea deni na kuendelea kumkata kidogo kidogo. Deni halifutwi wala halimfungi mtu kwa muuzaji mmoja maisha yake yote. Na mpangaji mpya hawajibiki kwa deni la aliyemtangulia. Hata huko, asipotoa taarifa mapema kuwa amehamia, mita ya kulipia kabla yaweza kumkata kwa ajili ya yule aliyeondoka. Akitoa taarifa, mita husafishwa. Tatizo ni lilelile la Kigali. Tofauti ni kwamba kule limeandikiwa njia ya kutokea.

Karibu zaidi, kuna Goma. Kwa miaka ya karibuni jiji hilo limekuwa na wauzaji kadhaa: SNEL ya serikali, na kando yake kampuni za Virunga Energies, Socodee, na Nuru inayotumia jua. Wapo walioichoka SNEL na kuhamia kwingine. Lakini ushindani huo ulikuja na nguzo zake, nyaya zake, mita zake na daftari lake kwa kila kampuni. Mwenye fedha huhama, mwingine hubaki gizani akisubiri. Kuwa na wauzaji wengi peke yake si dawa ya deni. Bila mwamuzi wa kusema nani analipa nini, kila kampuni hujilinda kwa namna yake, na mteja hujilinda kwa kukimbia.

Uganda nayo imetoa somo mwaka 2025. Mkataba wa miaka 20 wa Umeme uliisha Machi 31, na Aprili 1 UEDCL ikashika usambazaji. Mamilioni ya watu walibadilishiwa kampuni usiku mmoja, mita za Yaka zikiwa palepale ukutani. Magazeti yalijaa habari za fidia: serikali ililipa dola milioni 118, Umeme ikasema inadai zaidi, mgogoro ukapelekwa kwa wasuluhishi London. Ni fedha nyingi na zilistahili kujadiliwa. Ila hesabu ya mwekezaji ilizungumzwa kwa miezi, huku hesabu ya mwenye friza ya samaki ikizungumzwa kwa nadra sana.

Tanzania ilikwenda upande mwingine kabisa. Agosti 2021 kodi ya majengo ilianza kukatwa kupitia LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Wapangaji walilalamika palepale kwamba wanalipa kodi ya nyumba isiyo yao, wakaambiwa wapatane na wenye nyumba wapunguziwe kwenye pango. Kupatana huko ndiko kugumu. Mpangaji wa miaka kumi aweza kumwambia mwenye nyumba, “Mzee, nimekukatia elfu yako.” Mpangaji wa miezi mitatu aliyetoka nchi jirani, asiye na mkataba wa maandishi, hana ubavu huo. Mita ikishageuzwa kapu la kukusanyia madeni ya kila aina, kila taasisi itatamani kutumbukiza la kwake humo.

Ni haki pia kuzitazama kampuni za umeme. Deni la mteja ni deni lao kwa mzalishaji, na mzalishaji ana benki inayomsubiri. Mtu akiweza kutumia umeme mwaka mzima, kisha akafunga mlango na kupanda basi la usiku kurudi kwao, nani atafidia? Wafanyabiashara wenyewe wanajua kuwa wapo miongoni mwao wanaofanya hivyo na kujisifu. Anayeumia si kampuni, kwa kuwa mita inabaki. Anayeumia ni mfanyabiashara mwenzao anayefuata kwenye kibanda kilekile, mara nyingi mtu wa kwao, aliyeelekezwa chumba hicho na yeye mwenyewe. Anayetaka haki ya kutolipa deni la mwingine lazima akubali kwamba lake litamfuata.

Hapo ndipo penye kazi ya kufanywa. EUCL inaweza kuanza na jambo dogo lisilohitaji sheria mpya: mtu aweze kuingiza namba ya mita kwenye simu na kujibiwa kama mita hiyo ina deni, kiasi gani, na la nini. Simu hiyohiyo ndiyo inayouza tokeni. Taarifa zimo tayari. Mpangaji angejua kabla ya kutia saini, na mwenye nyumba angebanwa asafishe mita yake au apunguze kodi. Leo mwenye nyumba asiye mwaminifu ana kila sababu ya kunyamaza, kwa kuwa mpangaji mpya ndiye anayemlipia.

RURA kwa upande wake iamue ni sehemu gani ya fedha inayoweza kukatwa katika kila manunuzi, na itangaze kwa lugha zote rasmi, Kiswahili kikiwemo, maana tangu 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda. Mfikirie mama anayeuza sambaza wa Ziwa Kivu na sangara waliogandishwa. Umeme wake si wa kutazamia televisheni. Akinunua wa faranga 5,000 Ijumaa jioni na sehemu kubwa ikamezwa na deni, friza linazima Jumamosi usiku, na mtaji wote unanuka kabla ya Jumatatu. Mkato mdogo wa muda mrefu hulipa deni lilelile bila kuua biashara inayolilipa. Kampuni inayomfilisi mdaiwa wake haipati kitu.

Ngazi ya tatu ni Arusha, na hapo mwendo ni wa kobe. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inampa raia wa Jumuiya haki ya kufungua biashara katika nchi nyingine mwanachama. Umeme wenyewe umeshavuka: kituo cha Rusumo cha megawati 80 kinagawana mazao yake kati ya Rwanda, Burundi na Tanzania. Mto mmoja, mitambo mimoja, nchi tatu. Lakini mfanyabiashara aliyelipa EUCL miaka mitano bila kukosa, akifika Ngara, kwa TANESCO ni mgeni asiye na historia. Cheti cha kumaliza deni, kinachotolewa na kampuni moja na kutambuliwa na nyingine, ni karatasi nyepesi kuliko nyingi zinazojadiliwa Arusha. Kingemsaidia mlipaji mwema hata mbele ya benki, na mkimbiaji angekosa pa kukimbilia.

Hadi hayo yafanyike, wenye uzoefu wa Nyabugogo wana desturi yao, na wageni wafanye vema kuiiga. Kabla ya kutoa pango hununua umeme kidogo kwenye mita ya chumba hicho, mwenye nyumba akiwa hapo hapo. Kisha husoma risiti mstari kwa mstari: bei ya umeme, VAT ya asilimia 18, na chochote kingine kilichokatwa. Jaribio hilo lifanywe mwanzoni mwa mwezi. Bei za EUCL hupanda kwa ngazi kulingana na yuniti zilizonunuliwa ndani ya mwezi. Katika jedwali la Januari 2020, kwa mfano, nyumba ya kuishi ililipa faranga 89 kwa kila yuniti katika 15 za mwanzo, 212 hadi yuniti ya 50, na 249 kuendelea, bila VAT. Anayeingia tarehe 20 kwenye nyumba ambayo mpangaji wa zamani amekwisha kununua nyingi huanzia ngazi ya juu, akadhani ni deni kumbe si deni.

Likionekana deni, liandikwe kwenye mkataba, kwa tarakimu na kwa maneno, pamoja na namba ya mita na salio la siku hiyo, na iandikwe nani atalilipa. Picha ya risiti ibaki kwenye simu. Siku ya kuhama, jambo hilohilo lifanywe tena mbele ya mwenye nyumba, risiti ya pili ikiwekwa pamoja na ya kwanza.