Upara si dhahabu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache juu ya upara. Hapa Songea watu huniita tajiri kwa sababu ya upara wangu, nami hucheka. Lakini mwaka 2017, kwa jirani zetu wa Msumbiji, wilayani Milange, wanaume wenye upara waliuawa kwa imani kwamba vichwa vyao vina dhahabu.

Ndugu wananchi, upara huu ni wa kurithi, kwa baba au kwa mama. Homoni za kiume hudhoofisha mashina ya nywele. Dawa ya minoksidili husaidia baadhi yetu, lakini ukiiacha nywele hupukutika tena.

Walimu na viongozi wa vijiji wawaelimishe watu. Mzaha huu tuukomeshe.

Mwenye Upara,
Songea.