Kupima Ufuo Si Matembezi

Mwanao amekuletea barua ya shule: darasa la jiografia linakwenda Mombasa kupima ufuo. Nauli si haba, nawe unaguna, "Pesa zote hizo kwenda kuogelea?"

Hebu subiri kidogo. Maji yakisha kupwa, wanafunzi wawili hushika fimbo za urefu sawa, mmoja ukingoni mwa maji, mwenzake juu pale mteremko unapobadilika. Hupima umbali kwa utepe, kisha pembe kutoka alama ya fimbo moja hadi alama ya kimo hicho hicho kwenye fimbo ya pili. Chombo cha pembe kikikosekana, protrakta, uzi na kijiwe vinatosha. Huendelea hivyo hadi kwenye majani, na jioni huchora umbo la ufuo kwenye karatasi ya grafu.

Mchoro mmoja hauelezi mengi. Kusi na kaskazi husogeza mchanga, basi ufuo wa Julai si ule wa Januari. Na ukuta uliojengwa karibu mno na maji hurudisha mawimbi, yakachota mchanga ulio mbele yake. Hapo ndipo mtoto anapoanza kuuliza ya maana.

Lakini kabla hujatia sahihi, muulize mwalimu jambo moja: maji yatajaa saa ngapi? Wakati wa bamvua, bahari ya Mombasa hupanda zaidi ya mita 3 kwa muda wa saa sita hivi, na mtoto wa bara aliyeinamia utepe huenda asiione ikija. Mwalimu akisita kujibu, barua na ikae mezani kwanza.