Fundi Alikuwa Yeye Mwenyewe

Mtu anayetoka vijijini Ruangwa kwenda Nachingwea na gunia la korosho kwenye keria hufunga safari na spana, pampu na viraka vya mpira. Ajua fika kwamba baiskeli ikimharibikia porini, fundi ni yeye. Huyo yu karibu zaidi na wanamichezo nitakaokusimulia leo kuliko wale walioshindania ubingwa wa dunia mjini Kigali mwezi Septemba, 2025. Hao hufuatwa na magari yenye mafundi na baiskeli za akiba. Mpira ukipasuka, huletewa gurudumu jingine kabla jasho halijakauka.

Zamani haikuwa hivyo. Mashindano ya Tour de France, yaani ya kuizunguka Ufaransa, yalipoanza mwaka 1903 yalikuwa na hatua 6 tu, lakini jumla yake ilikuwa kilomita 2,428. Hatua nne kati ya hizo zilizidi kilomita 400 kila moja. Safari ya Nachingwea hadi Lindi haifiki nusu ya hapo! Walikimbia hata usiku, katika barabara za vumbi.

Tena kanuni zilikataza msaada. Mwaka 1913, Mfaransa Eugène Christophe alikuwa akishuka mlima Tourmalet wakati chuma kinachoshika gurudumu la mbele kilipokatika. Akaitwika baiskeli begani, akatembea zaidi ya kilomita 10 hadi kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akaingia katika kiwanda cha mhunzi. Mwenye kiwanda hakuruhusiwa kugusa kitu. Christophe akafua chuma kwa mikono yake, waamuzi wakimkodolea macho, na kazi hiyo ikamla zaidi ya saa 3. Hata hivyo aliongezewa dakika za adhabu, eti kwa kuwa kijana mmoja alimvukutia moto. Mimi siiti hiyo kanuni. Naiita roho mbaya. Lakini Christophe alipanda baiskeli yake, akaendelea, na mwisho wa mashindano akawa wa 7.

Wala haikuwa baiskeli peke yake iliyomtegemea mwenyewe. Mwili nao ulikuwa juu yake. Hata katika miaka ya 1950 wapanda baiskeli wa kulipwa walitegemea sana fedha za mialiko, na msimu wa Ulaya ulipokwisha walikwenda popote walipoitwa. Hivyo ndivyo Mwitalia Fausto Coppi, mshindi wa Tour de France mwaka 1949 na 1952, alivyofika Volta ya Juu, ambayo leo ni Burkina Faso, mwezi Desemba 1959. Alishindana mjini Ouagadougou, kisha akaenda kuwinda. Usiku alilala chumba kimoja na rafiki yake Mfaransa, Raphaël Géminiani, na mbu hawakuwabagua.

Waliporudi makwao, homa kali iliwashika wote wawili. Mama yeyote wa Nachingwea angeuliza kwanza habari za mbu. Waganga wa Coppi hawakuwaza hivyo. Walimtibu maradhi mengine. Huko Ufaransa damu ya Géminiani ilipimwa, malaria ikaonekana, naye akapewa kwinini.

Coppi alifariki tarehe 2 Januari, 1960, akiwa na umri wa miaka 40. Géminiani aliishi hadi mwezi Julai, 2024. Alikuwa na miaka 99.