Kuipanga Ligi si Kuipangua

Katika isimu, taaluma ninayoifundisha chuoni, mwanafunzi hujifunza mapema kwamba kiambishi kidogo chaweza kupindua maana nzima ya kitenzi. Mtu akifunga mlango, mwenzake huufungua. Akiziba tundu, mwingine hulizibua. Vivyo hivyo, kilichopangwa chaweza kupanguliwa. Hulikumbuka somo hilo kila wakuu wa kandanda wanapotangaza kwamba wanaipanga upya ligi ya taifa. Aghalabu kinachofuata huwa ni kupangua, na wanaopanguliwa huwa ni klabu ndogo.

Tuanze na mfano ulio wazi. Kwa miaka kadhaa Ligi Kuu ilikuwa na timu 16, ikiendeshwa na KPL, kampuni iliyoundwa mwaka 2003 na kumilikiwa na klabu zenyewe. Shirikisho la Kandanda, yaani FKF, lilitaka timu ziwe 18. Mvutano huo ulipamba moto mwaka 2015, hata nchi moja ikajikuta na ligi mbili zikigombea hadhi moja. Hatimaye, mwaka 2017, shirikisho lilipata lilichokitaka na timu zikawa 18. Kampuni ya utangazaji ya SuperSport, ambayo fedha zake zilikuwa mhimili wa ligi hiyo, ilivunja mkataba kwa sababu ya upanuzi huo huo.

Hebu tufanye hesabu ya darasani. Ligi ya timu 16 huwa na mechi 240 kwa msimu, na kila timu husafiri mara 15. Ligi ya timu 18 huwa na mechi 306, na kila timu husafiri mara 17. Maana yake ni kwamba kazi iliongezeka kwa zaidi ya robo katika mwaka uleule ambao chombo cha mapato kilitoboka. Kutoka Mombasa hadi Kakamega kwa barabara ni zaidi ya kilomita 800. Kikosi kizima pamoja na wakufunzi wake kinahitaji basi, chakula na mahali pa kulala, kisha safari ya kurudi. Gor Mahia na AFC Leopards, zenye mashabiki kila pembe ya nchi, zenyewe zimewahi kuhangaika kwa ukosefu wa fedha. Sembuse klabu ya mji mdogo inayotegemea mfuko wa mdhamini mmoja?

Matokeo yalionekana bila kukawia. Miongoni mwa timu zilizopanda mwaka 2017 ilikuwamo Nakumatt, iliyobeba jina la maduka yaliyokuwa yakifadhili. Maduka yalipoporomoka, klabu ilibadili jina ikawa Mount Kenya United, na kufikia mwaka 2019 ilitupwa nje ya ligi kwa kushindwa kufika uwanjani mara tatu. Baadaye mwaka huohuo ikawa zamu ya SoNy Sugar ya Awendo. Kampuni ya sukari iliyoilea ilikuwa hoi, SportPesa iliyokuwa mdhamini mkuu wa ligi ilikuwa imejiondoa, na mechi tatu zilipopita bila timu kufika, pazia likafungwa. Msimu ule ukaendelea kwa timu 17. Ikumbukwe kwamba SoNy Sugar hao hao ndio waliotwaa ubingwa wa taifa mwaka 2006.

Wapo watakaosema kuwa mfano huo unathibitisha hoja kinyume na yangu: kwamba timu dhaifu zinaishusha hadhi ligi, na heri zibaki chache zenye nguvu. Hoja hii si ya kupuuzwa. Mtangazaji hununua mchezo wenye ushindani, na mechi isiyochezwa haina wa kuinunua. Upande wa pili wapo wanaodai kwamba kadiri timu zinavyoongezeka ndivyo vijana wengi wa mashambani wanavyopata nafasi. Hiyo nayo ina ukweli wake. Kasoro ninayoiona ni kwamba pande zote mbili zimebishana miaka mingi juu ya idadi, 16 au 18, na wala hazikubishana juu ya nauli. Idadi yoyote itaziua klabu ndogo iwapo gharama ya kushiriki inaamuliwa na wakubwa na kulipwa na wadogo.

Je, tuna haja gani na klabu hizo? Wasiokumbuka historia yetu huzichukulia kama wasindikizaji tu. Bingwa wa kwanza wa ligi ya taifa, mwaka 1963, hakutoka Nairobi; alikuwa Nakuru All-Stars. Oserian Fastac, timu ya shamba la maua huko Naivasha, ilitwaa ubingwa mwaka 2001 na 2002. Mathare United, iliyozaliwa katika mtaa wa mabanda, ilishinda mwaka 2008, nayo ndiyo iliyomkuza Dennis Oliech. Michael Olunga, aliyekuwa mfungaji bora wa ligi ya Japani mwaka 2020, aliichezea Thika United kabla ya kujiunga na Gor Mahia. Tukiikausha mito midogo, tusishangae ziwa likipungua maji.

Kuna pia faida isiyoandikwa katika jedwali la pointi. Timu yenye mashabiki wengi inapozuru Awendo au Kericho, mwuza mahindi, mwenye hoteli, dereva wa matatu na kijana wa bodaboda wote huipata riziki yao ya siku. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Klabu ikifutwa, mgeni haji tena, na wenyeji hubaki wakisikiliza mechi redioni.

Lakini fedha si jambo pekee. Klabu ndogo huhitaji pia kuamini kwamba kilichopatikana uwanjani hakitanyakuliwa ofisini. Mwezi wa Novemba 2021 Wizara ya Michezo iliuvunja uongozi wa FKF; Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya; Novemba mwaka huo marufuku ikaondolewa na shirikisho likarejea. Katika vurumai hiyo, APS Bomet na Fortune Sacco zilikuwa zimepanda hadi Ligi Kuu kwa jasho lao chini ya kamati ya muda. Shirikisho liliporejea, lilikataa kuutambua msimu ule, na nafasi zao zikatoweka. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Sihukumu hapa nani alikuwa na haki kati ya wizara na shirikisho. Nauliza tu wachezaji wa Bomet na Kirinyaga walikosa nini.

Kwa hivyo, natoa mapendekezo matatu kwa yeyote atakayeishika kalamu ya kuipanga ligi siku zijazo.

Kwanza, nauli itangulie idadi. Kabla ya mapato ya udhamini na matangazo kugawanywa kwa kufuata nafasi katika jedwali, itengwe sehemu ya kulipia safari za kila klabu, bingwa na wa mkia kwa kipimo kimoja. Sheria ya kufukuza timu isiyofika mara tatu ni ya haki iwapo inamwadhibu anayekataa kucheza. Inapomwadhibu asiye na mafuta ya basi, inakuwa adhabu ya umaskini.

Pili, madaraja ya chini yachezwe kwa kanda. Si haki klabu ya daraja la pili izunguke nchi nzima kama ya Ligi Kuu ilhali mapato yake hayafiki hata chembe. Utaratibu wa kanda uliwahi kutumika katika daraja hilo. Washindi wa kanda wakutane mwishoni kuwania kupanda. Watakaodai kuwa ushindani utapungua wajue kwamba timu iliyolala usingizi na kula ikashiba hucheza vizuri kuliko iliyokesha barabarani.

Tatu, mabadiliko yoyote yatangazwe msimu mzima kabla ya kuanza kutumika, na matokeo ya uwanjani yaheshimiwe hata kama uongozi umebadilika.

Neno daraja, tulilolikopa kutoka Kiarabu, lina maana mbili katika Kiswahili: cheo, na kivuko cha juu ya maji. Tunaposema timu imeshuka daraja, tunafikiria cheo peke yake. Waliopewa dhamana ya kandanda yetu hawana budi kuifikiria maana ya pili pia, kwani anayeshuka leo anastahili kuachiwa njia ya kuvuka na kurudi kesho. Mpango wowote wa ligi utakaoletwa mbele yetu usomwe kwanza kwa macho ya mweka hazina wa timu ya mwisho. Iwapo yeye hawezi kuumudu, urudishwe ukaandikwe upya.