Kutoka do re mi mpaka kaye ya shimo

Kila wiki, kule Kamituga, Nyabibwe, Misisi na fasi zingine za machimbo za Kivu ya Kusini, watu wazima wanatia kidole kwenye karatasi ambayo hawakuisoma. Mara ni kaye ya shimo. Ndani yake PDG anaandika mifuko iliyotoka, unga na maharagi waliyokopeshwa wachimbaji, dawa, mafuta ya pompe, na mwishoni ile kidogo inayobaki ya kugawana. Mara ni karatasi ya mnunuzi. Siku ingine ni statuti ya koperative, maana sheria ya migodi ya mwaka 2018 inamtaka kila mchimbaji wa mikono awe mwanachama wa koperative. Kidole kinapanguswa kwenye suruali, basi, imekwisha. Kama kaye imedanganya, nani atajua?

Ukimuuliza mchimbaji wa namna hiyo kwa nini hajifunzi, jibu liko tayari: « Miye sikusomaka. Mambo ya kusoma ni ya batoto, miye nimezeeka. » Siku ya Mungu ikifika, papa huyohuyo anasimama nyuma ya kwaya na sauti yake ya besi, anafuata wimbo wa sauti nne, hapotei hata mara moja. Tena wimbo wenyewe umeandikwa ubaoni kwa noti.

Sisi tunasema hivi: mtu anayeweza kufuata noti ubaoni amekwisha kuanza kusoma. Anafuata alama kutoka kushoto kwenda kuume, kila alama anaipa sauti yake, na sauti hizo anaziunga pamoja. Kusoma barua ni kazi ileile. Kinachobaki ni kumwonyesha kwamba anaijua.

Tujaribu pamoja. Mwimbaji yeyote anajua do, re, mi, fa, sol, la, si. Na ile sol wengi wetu tunaitamka so. Hizo ni silabi saba. Weka do mbele ya la: dola. Weka si mbele ya fa: sifa. Geuza: fasi. Mi na la: mila. La mara mbili: lala. Mi mara mbili: mimi. Unaweza hata kutengeneza sentensi nzima bila kutoka nje ya noti: dola si sifa. Mtu ambaye jana alisema kwamba hajui herufi hata moja, leo amesoma maneno matatu, na hakuna mtu aliyemtukana kwamba ni mjinga.

Inakosekana u tu. Zamani ilikuwamo. Noti tunayoita do iliitwa ut, na ndiyo maana Wafaransa mpaka leo wanasema clé d'ut. Majina hayo yalitungwa miaka karibu 1000 iliyopita na mtawa mmoja wa Italia, Guido wa Arezzo, aliyekuwa anafundisha watoto kuimba kanisani. Alichoshwa na kitu ambacho walimu wetu wanakijua vizuri: waimbaji wanarudia miaka na miaka nyuma ya mwalimu, na siku mwalimu hayupo hawawezi kuimba peke yao hata wimbo mdogo. Basi akachukua wimbo wa Kilatini ambao kila mstari wake unaanza juu kidogo kuliko ule wa mbele, na silabi za kwanza za mistari ile akazifanya majina ya noti: ut, re, mi, fa, sol, la. Alianza na wimbo ambao sikio linaushika kwa urahisi, kisha akaonyesha alama. Papa Yohane wa 19 alimwita Roma aone maajabu hayo, na Guido mwenyewe anaeleza katika barua yake kwamba Papa hakuinuka mpaka alipoweza kuimba mstari ambao hakuwahi kuusikia.

Ambao hakuwahi kuusikia. Hapo ndipo kusoma kunapotofautiana na kukariri, na hapo ndipo masomo yetu yanaanguka. Mpe mtoto wa mwaka wa pili kitabu chake cha Kifaransa: atakusomea ukurasa mzima, sauti nzuri, mama anafurahi. Funika picha, onyesha neno moja la katikati. Kimya. Alikuwa anaimba ukurasa, hakuwa anausoma. Kwaya pia ziko nyingi za namna hiyo, tusifichane: wanashika wimbo kwa kichwa na karatasi iko mkononi kwa ajili ya heshima tu. Mwalimu wa kwaya anayejua kazi anafuta ubao, anaandika noti ambazo hazijawahi kuimbwa, anazigusa na fimbo moja baada ya ingine. Hapo anajua nani anasoma.

Hatuwalaumu walimu wa masomo. Tangu masomo ya msingi yalipofanywa ya bure mwezi wa 9 mwaka 2019, madarasa yamejaa, mwalimu mmoja hawezi kusikia kila mtoto. Lakini kuna kosa la zamani zaidi. Mtoto wa Walungu anasema Mashi nyumbani, wa Mwenga Kilega, wa Fizi Kibembe. Wote wanakutana na Kiswahili sokoni na njiani. Kisha siku ya kwanza ya masomo anakuta kitabu cha Kifaransa. Anapewa wageni wawili kwa mara moja, alama asiyoijua na lugha asiyoisikia. Tena lugha yenyewe inaandika herufi tatu, e, a, u, na inataka asome o tu! Kiswahili hakina hila hiyo. Voyeli ni tano, na kila moja ina sauti yake popote unapoikuta. Katiba ya 2006 inaitaja lugha hii kati ya lugha nne za taifa, na sheria ya masomo ya 2014 inakubali lugha za taifa na za mahali zitumike katika kufundisha. Sheria iko. Chaki ndiyo haijafika.

Kwa watu wazima wa machimbo njia ni fupi zaidi, kama tutaanza na maneno ya kazi yao. Twaa neno mizani, hata kama wengi wanasema balansi. Mi, za, ni. Kwa kila silabi mwalimu anaandika ndugu zake: ma me mi mo mu, za ze zi zo zu, na ne ni no nu. Kisha anaachia watu watafute wenyewe. Watapata mama, nani, zima, zana. Mmoja atainua mkono na kusema zamani, na hilo ni neno ambalo mwalimu hakuliandika. Amesoma. Jirani zetu wa Tanzania walipita njia hii: tangu mwaka 1968, katika mikoa ya kuzunguka Mwanza, pamoja na UNESCO, watu wazima walisoma katika vitabu vya pamba, vya uvuvi na vya migomba, maana ndizo kazi zilizowalisha. Sisi kitabu chetu kiwe cha dhahabu na kasiterite.

Kiwe na hesabu pia. Kwenye mizani ya elektroniki nukta moja ndogo inatenganisha gramu 8 na sehemu 8 za gramu moja, na kuna watu wanaotajirika juu ya nukta hiyo. Tola ni gramu 11,66. Nani amewahi kumwonyesha mchimbaji jinsi inavyoandikwa? Mwimbaji hana sababu ya kuogopa nusu na robo, kwani anajua kwamba croche mbili zinajaza noire moja. Anazipiga kwa mguu kila juma.

Kuna watakaosema: Kiswahili gani? Cha vitabu kinasema watu, sisi tunasema batu. Kwetu jibu ni rahisi. Anza na batu, kwa sababu ndiyo sauti iliyo ndani ya sikio. Akiisha kushika b, w haitamshinda. Kumkataza mtu lugha ya mdomo wake siku ya kwanza ni kumfukuza darasani.

Wengine watasema, na hapo wana haki, kwamba karatasi kubwa ziko katika Kifaransa. Sheria ya 2018 inaitaka sosiete ya migodi ipatane na wakaaji juu ya cahier des charges, na itoe asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo yao. Anayejua Kiswahili peke yake hatafungua karatasi ile. Kwa hiyo tunaomba mambo mawili, na tunayaomba kwa sauti: kila karatasi inayowafunga wachimbaji au wakaaji isomwe mbele yao kwa Kiswahili, na nakala ya Kiswahili ibaki kijijini, kabla ya mtu yeyote kutia kidole, na darasa la Kiswahili lifuatwe na darasa la Kifaransa, siyo kinyume.

Na darasa lenyewe litakuwa wapi? Lipo tayari. Kila kambi ya machimbo ina kwaya, mara nyingi mbili au tatu, zinarudia nyimbo jioni. Nusu saa kabla ya wimbo, ubao uleule, mwalimu yuleyule akisaidiwa na mmoja aliyemaliza diplome d'État na hana kazi. Hao hawakosekani, tunawaona wakishuka shimoni. Koperative zinachukua mchango kila mwezi: tunataka kuona humo ndani pesa ya chaki na ya mwalimu, iandikwe kwenye kaye na wanachama wote waione. Mama wanaotwanga mawe hawawezi kuja jioni, wako jikoni. Kwao iwe siku ya Mungu baada ya ibada, na mtoto mgongoni.

Juu ya uzee, mtu asitudanganye. Kinshasa, mwaka 1994, Armand Diangienda alianzisha orkestra ya Wakimbangu na watu wazima ambao wengi hawakuwahi kushika violon. Vyombo vilikuwa vichache kuliko watu, wakawa wanapashana. Leo wanasoma partition za Beethoven.

Kuanzia juma lijalo, ukurasa huu utachapa kila mara neno moja kwa herufi kubwa, na silabi zake chini. Aliye na makasi alikate, alibandike kwenye mlango wa depo au ukuta wa kapela. Tutaanza na dola. La pili litakuwa deni.